Kumchangia mwanariadha chipukizi: pesa za miezi tisa, si za siku moja

Kadi za mchango zinazofika ofisini mwetu zinafanana sana. Mbele kuna picha ya kijana aliyevaa fulana ya mbio, nambari imebanwa kifuani kwa pini. Chini ya picha kuna jina lake, shule aliyosoma, tarehe ya harambee, nambari ya simu na orodha ndefu ya wageni wa heshima. Baadhi hutoka Nyaramba na vijiji vya karibu, ambako ukiamka kabla ya jua kuchomoza hukosi kuona vijana wawili watatu wakikimbia kando ya mashamba ya chai, magari ya kubeba majani yakiwa bado hayajaanza kazi.

Kadi inasema kijana ana kipaji. Haisemi pesa zitanunua nini, zitatosha hadi lini, wala nani atazishika. Na hayo ndiyo mambo ambayo mkazi anayeombwa shilingi mia mbili anataka kuyajua. Hivi majuzi nilikuwa soko la Nyaramba kwa shughuli nyingine, na mama mmoja anayeuza ndizi akaniuliza, "Mwanangu, yule kijana tuliyemchangia mwaka juzi, alifika wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipoulizia, hata waliokuwa kwenye kamati hawakuwa nalo. Walikumbuka hema, wakakumbuka mgeni wa heshima alichelewa, na wakakumbuka jumla iliyotangazwa kwenye kipaza sauti. Kilichofuata baada ya hapo hakuna aliyekiandika.

Makala haya ni kwa familia, walimu, makocha na majirani wanaofikiria kumchangia mwanariadha msimu huu, na pia kwa wale wanaoombwa wachange.

Mlango ulio mbele

Nyamira na jirani zetu wa Kisii hatuna upungufu wa majina katika riadha. Nyandika Maiyoro alimaliza wa nne katika mbio za maili tatu jijini Vancouver mwaka 1954, wakati ambapo dunia haikuwa imewazoea wakimbiaji wa Kenya, na akakimbia tena mita 5,000 kwenye Olimpiki za Melbourne 1956 na Roma 1960. Oktoba 1968 jijini Mexico, Naftali Temu alimshinda Mamo Wolde wa Ethiopia katika mzunguko wa mwisho wa mita 10,000 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Baada ya kustaafu mbio aliishi kwenye shamba lake hapa hapa Mugirango Kaskazini. Miaka minne baada ya Mexico, kwenye Olimpiki za Munich, timu ya Kenya ilitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne. Watatu kati ya wale wanne walikuwa wana wa Gusii: Charles Asati, Hezakiah Nyamau na Robert Ouko wa Manga. Wa nne alikuwa Julius Sang.

Tunapowasimulia vijana habari za watu hawa, mara nyingi tunaanzia kwenye medali. Tuulize swali la fedha: wakati wanafanya mazoezi, nani aliwalisha?

Temu alikuwa mwanajeshi. Alipokuwa akijiandaa kwa mbio, mshahara ulikuwa ukiingia. Ouko na Sang walisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central kule Marekani. Yobes Ondieki, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991 na ambaye Julai 1993 mjini Oslo alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, alipitia Chuo Kikuu cha Iowa State. Mary Moraa wa Kisii, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2023 kule Budapest na mshindi wa shaba ya Olimpiki za Paris mwaka uliofuata, ni afisa wa polisi. Vipaji vyao vilitofautiana na enzi zao pia, lakini kila mmoja alifika mahali ambapo kazi au chuo kilimpa nafasi ya kukimbia bila kuuliza chakula cha jioni kitatoka wapi.

Pengo liko kabla ya hapo. Kijana akiwa shuleni, basi la shule humpeleka mashindano ya kaunti ndogo, ya kaunti na ya kanda, na mwalimu wa michezo humsimamia. Akimaliza kidato cha nne, basi linabaki shuleni. Anarudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 18 au 19, ana kasi nzuri, hana kiatu. Mzazi anamwambia achume chai. Akichuma chai mchana kutwa, jioni hawezi kukimbia kilomita 12. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapowapoteza wengi wao, na si kwa ukosefu wa bidii kama tunavyopenda kusema.

Kazi ya harambee basi ni kuliziba pengo hilo: kumtoa kijana mahali alipo na kumfikisha kwenye mlango unaofuata. Mlango huo unaweza kuwa ajira katika kikosi chenye timu ya riadha kama jeshi, polisi au magereza. Unaweza kuwa ufadhili wa chuo. Unaweza kuwa wakala anayetambulika atakayempeleka mashindano ya nje. Kila mmoja una masharti na saa yake. Jeshi, kwa mfano, huchukua makuruti wa kawaida wenye umri wa miaka 18 hadi 26, na vikosi vyote huangalia cheti cha KCSE. Kwa hivyo kamati inayomshauri kijana aache shule ili akimbie inamfungia mlango huku ikidhani inamfungulia.

Kabla ya kuchapisha kadi hata moja, kamati ikae na kocha na kijana mwenyewe waandike sentensi moja: tunamsaidia hadi mlango gani, na ifikapo mwezi gani. Sentensi hiyo ikikosekana, harambee haijaiva.

Bajeti inayosomeka

Tuchukue mfano. Msichana amemaliza kidato cha nne, anakimbia mita 1,500, kocha wake anataka ajiunge na kambi ya mazoezi kuanzia Novemba hadi Julai, ili awe tayari kwa mashindano ya wikendi ya Athletics Kenya na yale ya taifa. Ni miezi tisa. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, kila kamati iulize bei halisi pale itakapomnunulia.

Chakula na sehemu yake ya kodi ya nyumba kambini, shilingi 12,000 kwa mwezi, ni 108,000 kwa miezi tisa. Jozi mbili za viatu vya mazoezi ni 24,000, na njumu za kukimbilia uwanjani ni 10,000. Nauli na malazi ya kwenda mashindano sita ni 15,000. Daktari na kukandwa misuli, 15,000. Pasipoti na stakabadhi nyingine, 10,000. Akiba ya dharura, 18,000. Jumla ni shilingi 200,000.

Tazama sehemu kubwa iko wapi. Zaidi ya nusu ni ugali, maharagwe, maziwa na kodi. Watu hupenda kununua viatu kwa sababu viatu vinaonekana kwenye picha, na nimewahi kusikia kijana aliyepewa jozi tatu siku moja lakini akaondoka kambini mwezi wa tatu kwa kukosa pesa za chakula. Mfadhili akitaka kutoa kitu badala ya pesa, mwonyesheni bajeti. Gunia la mahindi na debe la maharagwe linalofika kambini kila baada ya miezi miwili ni mchango mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa angalia upande wa kuchanga. Harambee ya siku moja inahitaji hema, viti, spika, chakula cha wageni na kadi zenyewe. Gharama hizo hutoka kwenye pesa za kijana. Kisha kuna ahadi. Sote tumeona mtu akisimama na kuahidi elfu kumi, akapigiwa makofi, na hadi leo simu yake haishikwi. Hesabu pesa taslimu na zilizoingia kwa simu. Ahadi ziandikwe kwenye daftari tofauti na zisitangazwe kama jumla.

Kuna njia nyingine isiyo na hema. Watu 200 wakitoa shilingi 100 kila mwezi kwa miezi tisa, hiyo ni shilingi 180,000, karibu bajeti yote ya mfano wetu. Kutuma shilingi 100 au chini ya hapo kwa nambari ya simu ya mtu kwa M-Pesa hakutozwi ada. Kwa Paybill, ada hutegemea mpango aliouchagua mwenye akaunti, kwa hivyo ulizeni benki kabla ya kuitangaza nambari. Faida ya kuchanga kwa mwezi si pesa tu. Mchangiaji wa Machi anauliza zile za Februari zilifanya nini, na kamati inajua itaulizwa.

Wanaopendelea siku moja ya mkutano tusiwavunje moyo, wapo watu ambao hutoa tu wakiwa wamekusanyika. Chagueni tarehe kwa akili. Baada ya bonasi ya chai watu wana kitu mfukoni. Januari kila mzazi anatafuta karo. Na katika sehemu zetu hizi, ukiweka harambee Jumamosi umewaacha nje Waadventista wote walio kanisani, na hao si wachache.

Nani anashika pesa

Wazee wetu walikuwa na egesangio. Kikundi kidogo cha majirani kililima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na jioni kila mmoja aliona kwa macho kipande kilicholimwa. Hakuna aliyehitaji ripoti. Mchango wa mwanariadha hauna kipande cha kuonekana: pesa zinaenda kambini Iten au Kaptagat, na aliyechanga yuko Nyaramba. Daftari ndilo linalochukua nafasi ya shamba lililolimwa.

Nitasema jambo langu binafsi. Nilipokuwa chuoni tulimchangia mwenzetu mkimbiaji darasa zima. Pesa ziliwekwa kwenye simu ya mtu mmoja aliyeaminiwa na wote. Sidhani aliiba. Nadhani alikopa kidogo, akarudisha kidogo, akakopa tena, na mwishowe hata yeye hakujua zipi zake na zipi za mkimbiaji. Urafiki wa watu wengi uliishia pale. Tangu siku hiyo siamini simu ya mtu mmoja, hata akiwa mzee wa kanisa.

Kwa hivyo fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na pesa zisitoke bila wawili kukubali. Mmoja awe wa familia, mmoja asiwe wa familia, na wa tatu awe mtu anayezoea vitabu vya hesabu, kama mwalimu au mweka hazina wa chama. Kocha asiwe mtia sahihi, kwa sababu baadhi ya malipo yanamwendea yeye. Benki itataka kundi lililosajiliwa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, kundi linahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba na kumbukumbu za mkutano wa kwanza, na linasajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Kama tayari mna chama kilichosajiliwa ambacho kiko tayari kubeba jukumu hili, ni rahisi zaidi kuongeza azimio kwenye kumbukumbu zake kuliko kuanzisha kundi jipya.

Mkilazimika kutumia simu mwanzoni, nunueni laini mpya isiyotumika kwa jambo lingine, na kila wiki salio lipelekwe benki. Taarifa ya M-Pesa ya laini hiyo isomwe mbele ya kamati kila mwezi. Kisha andikeni ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, salio, na matokeo ya kijana mwezi huo. Ubandikwe kanisani, kwenye kambi ya chifu na kwenye kundi la WhatsApp. Kijana akimaliza wa kumi na nne, andikeni wa kumi na nne. Watu wanaweza kuvumilia kushindwa wakiwa wanajua.

Kijana mwenyewe apewe pesa za matumizi kwa mwezi, si zote kwa pamoja. Na kama hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi aidhinishe kwa maandishi matumizi ya picha yake. Nambari ya kitambulisho au ya cheti cha kuzaliwa haina kazi yoyote kwenye kadi.

Kuhusu wageni wa heshima

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee. Tunajua desturi haikomi kwa tangazo moja, na mnaona mnayoyaona. Hata hivyo tunaomba msichapishe jina la gavana, waziri wa kaunti, mwakilishi wadi, chifu au afisa yeyote kama mgeni wa heshima bila idhini yake, na msilete kadi zizungushwe katika ofisi za umma. Mfanyakazi anayewekewa kadi mezani na mkubwa wake hachangi kwa hiari.

Kuchangisha umma kwa mikebe sokoni au barabarani pia kuna sheria yake, Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Kabla ya kutoka na mikebe, pitieni ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndogo muulizie kibali. Basari za kaunti, ambazo watu wengi hutuulizia, ni za karo; haziwezi kununua njumu.

Wanaonusa pesa

Habari za harambee husambaa, na pamoja nazo huja watu. Wa kwanza ni yule anayejiita meneja na kudai shilingi elfu hamsini ili amwandikishe kijana mbio za Ulaya. Wawakilishi wa wanariadha wanaotambulika huidhinishwa na shirika la riadha duniani, World Athletics, na kwa kawaida hulipwa sehemu ya mapato ya mwanariadha baada ya kushinda. Anayetaka kulipwa kabla, mwambieni asubiri huku mkiuliza Athletics Kenya kama anajulikana. Vivyo hivyo kwa wanaouza nafasi za vyuo vya Marekani: ada ya viza hulipwa kwa ubalozi, na kocha wa chuo anayemtaka mkimbiaji hamtozi pesa ili amchukue.

Wa pili ni hatari zaidi kwa sababu huja kama msaidizi. Ana vidonge, ana sindano, anasema ni vitamini au dawa ya kuondoa uchovu. Chini ya kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli, mwanariadha ndiye anayewajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na mtu aliyemwamini. Kamati isilipie dawa yoyote isiyo na jina, risiti na maandishi ya daktari aliyejulishwa kwamba mgonjwa ni mwanariadha. Mkiwa na shaka, waulizeni maafisa wa Shirika la Kupambana na Dawa hizo Kenya, ADAK, kabla kijana hajameza.

Wa tatu ni sisi wenyewe. Kijana akianza kushinda, kuna wanaokumbuka ghafla kwamba walimchangia, na kumbukumbu hiyo huja na mkono ulionyooshwa. Semeni mapema, na muandike kwenye kadi: mchango ni zawadi, si mkopo wala hisa. Hata wanaofika juu hawapati kila wanachodhaniwa. Katika mashindano ya dunia ya 2023, zawadi za mbio zilitolewa kwa wanane wa kwanza katika fainali. Wa tisa alirudi nyumbani na jasho lake.

Salio

Jambo la mwisho husahaulika hadi ugomvi utokee. Itakuwaje kijana akiumia mwezi wa nne, au akipata ajira mwezi wa sita, na benki bado kuna shilingi 70,000? Liamueni mkutano wa kwanza, kabla pesa hazijaingia, na liandikwe kwenye kumbukumbu. Akiumia, matibabu kwanza. Akifika mlangoni mapema, salio linaweza kubaki kwenye akaunti kwa ajili ya mkimbiaji atakayefuata kutoka eneo hilo, atakayechaguliwa na kocha na kamati kwa muda aliokimbia, si kwa jina la babake. Kama mtaamua kuwarudishia wachangiaji, orodha iwepo ya nani alitoa kiasi gani, hata waliotoa hamsini.

Nami nimemwahidi yule mama wa ndizi kwamba nitamtafutia jibu la kijana wa mwaka juzi. Nikilipata nitampelekea sokoni.